Mwamba Ngoma, Ngozi Huivutia Kwake: Kisa cha Harry Martinson na Tuzo ya Nobel ya Mwaka 1974

Mwezi Oktoba 1974 Akademi ya Uswidi, taasisi inayochagua washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi tangu tuzo hiyo ilipoanza kutolewa mwaka 1901, ilitangaza kwamba tuzo ya mwaka huo ingegawanywa kati ya watu wawili: Eyvind Johnson, mwandishi wa riwaya, na Harry Martinson, mshairi na mwandishi wa riwaya. Wote wawili walikuwa Waswidi. Wote wawili, tena, walikuwa wajumbe wa Akademi hiyohiyo, Martinson tangu mwaka 1949 na Johnson tangu mwaka 1957. Viti vya Akademi ni 18 tu, kwa hiyo sehemu moja ya tisa ya waamuzi ndiyo iliyotunukiwa. Waswahili husema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Magazeti ya Stockholm hayakuwa na methali hiyo, lakini yalisema jambo lilelile kwa ukali zaidi.

Miaka mitatu na miezi michache baadaye, tarehe 11 Februari 1978, Martinson alijitoa uhai katika hospitali ya Karolinska, akiwa na umri wa miaka 73. Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kwa mkato: alitunukiwa, akashambuliwa, akafa. Mkato huo una ukweli ndani yake, lakini unafunga katika furushi moja maswali mawili ambayo hayafanani hata kidogo. La kwanza ni kama vitabu vya mtu huyu vilistahili tuzo. La pili ni kama baraza la waamuzi lilikuwa na haki ya kuwatunuku wajumbe wake. Naona kwamba jibu la swali la kwanza ni ndiyo na la pili ni hapana, na kwamba kosa kubwa la mwaka 1974 ni kuwa hapana ya swali la pili ilielekezwa kwa mtu aliyepaswa kupewa ndiyo ya swali la kwanza. Ili jambo hilo lionekane, hatuna budi kuanza mbali kidogo na ukumbi wa tuzo.

Martinson alizaliwa tarehe 6 Mei 1904 katika kijiji cha Jämshög, mkoa wa Blekinge, kusini mashariki mwa Uswidi. Baba yake alifariki mwaka 1910. Mwaka uliofuata mama yake alisafiri kwenda Marekani, akafika Portland katika jimbo la Oregon, na hakurudi kuwachukua watoto. Mvulana na dada zake wakabaki mikononi mwa parokia. Katika Uswidi ya wakati huo mtoto wa namna hiyo aliitwa mtoto wa parokia, na utaratibu wa kumtunza ulikuwa mnada unaokwenda kinyume na minada tuliyoizoea: parokia ilikuwa tayari kulipa posho ya matunzo, na mtoto alikabidhiwa kwa mkulima aliyetaja kiasi kidogo kuliko wenzake. Aliyeridhika na posho ndogo ndiye aliyeshinda. Bila shaka mkulima huyo alitazamia kwamba upungufu wa posho ungefidiwa na mikono ya mtoto shambani na zizini, na hivyo mvulana alihama kutoka shamba moja hadi jingine, kila mahali akiwa mgeni ambaye chakula chake kinahesabiwa.

Riwaya yake ya mwaka 1935, Nässlorna blomma, maana yake viwavi vinachanua, yaani ile mimea inayowasha, inasimulia utoto huo kupitia mvulana aitwaye Martin. Kinachonishangaza kila ninapoirudia ni kwamba mwandishi hamfanyi mvulana huyu kuwa malaika anayeonewa. Martin ni mjanja wa kinyonge, anajifunza kusoma nyuso za wakubwa, anajua lini acheke na lini anyamaze, anajipendekeza kwa sababu anajua kwamba usingizi wake wa usiku unategemea kupendwa kwake mchana. Martinson alimtazama mtoto aliyekuwa yeye mwenyewe bila kumwonea haya na bila kumwonea huruma ya kupita kiasi, kazi ambayo waandishi wengi wa tawasifu huishindwa. Nitakirudia kipengele hiki cha kujipendekeza, kwa kuwa ndicho kinachofanya mambo ya mwaka 1974 yawe mazito kuliko ugomvi wa kawaida wa waandishi.

Alipofikisha umri wa miaka 16 hivi alitoroka, akafika Göteborg, akaingia melini. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika meli zaidi ya kumi, mara baharia wa sitaha, mara mchochea makaa katika chumba cha tanuri, akafika India na Amerika Kusini. Kati ya safari na safari alizurura nchi kavu, na alipokuwa na miaka 21 alikamatwa kwa kosa la uzururaji katika bustani ya Lundagård mjini Lund, hatua chache kutoka chuo kikuu. Mwaka 1927 maradhi ya mapafu yalimtoa baharini kwa kudumu. Miaka miwili baadaye, 1929, alichapisha diwani yake ya kwanza, Spökskepp, akaoa mwandishi aliyekuja kujulikana kwa jina la Moa Martinson, aliyemzidi umri kwa miaka 14, na akatokea pamoja na vijana wengine wanne, mmoja wao akiwa Artur Lundkvist, katika kitabu cha pamoja kilichoitwa Fem unga, vijana watano. Diwani ya Nomad ya mwaka 1931 ndiyo iliyomtambulisha rasmi kuwa mshairi ambaye Kiswidi hakijawahi kumsikia: mtu anayeandika kuhusu mende, jani la nyasi na waya wa simu kwa usahihi wa mtu aliyewahi kulala chini kwa kukosa kitanda.

Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1940, na siasa nazo zilimpitia. Mwaka 1934 alihudhuria mkutano mkuu wa waandishi wa Kisovieti mjini Moscow, na alichokiona huko kilimkatisha tamaa. Urusi ilipoivamia Finland alijitolea upande wa Finland, akaandika Verklighet till döds mwaka 1940. Naomba msomaji aukumbuke msimamo huo, kwa sababu miaka 30 baadaye kurasa za utamaduni nchini Uswidi zilikuwa zimeelemea mrengo wa kushoto, na mwana wa makabwela aliyeikataa Moscow, tena akakaa katika baraza lililoanzishwa na Mfalme Gustav wa Tatu mwaka 1786, hakuwa shujaa wa kizazi kipya.

Kazi mbili ndizo zinazobeba uzito wa dai langu kwamba alistahili. Ya kwanza ni riwaya ya Vägen till Klockrike ya mwaka 1948. Mhusika wake, Bolle, ni fundi wa kusokota sigara ambaye mashine zinamnyang'anya kazi. Badala ya kuingia kiwandani anaingia barabarani, akawa mzururaji katika nchi ambayo sheria inamhesabu mzururaji kuwa mhalifu. Riwaya haina mtiririko wa matukio ya kusisimua. Inatembea, inakaa, inasikiliza mazungumzo ya watu waliolala katika banda la nyasi kavu, inachunguza hofu wanayoitia nyumbani kwa watu wanapobisha hodi. Mwaka uliofuata mwandishi wake aliyewahi kukamatwa kwa uzururaji alichaguliwa kukalia kiti nambari 15 cha Akademi, kiti alichokiacha mwandishi Elin Wägner, na akawa mwandishi wa kwanza wa tabaka la wafanyakazi kuingia humo.

Ya pili ni Aniara, iliyochapishwa mwaka 1956. Msomaji wa Kiswahili ana neno tayari kwa kazi hii: ni utendi, wenye nyimbo 103, ila uwanja wake ni anga la nje. Dunia imeharibiwa kwa silaha za atomiki, na chombo kiitwacho Aniara kinawabeba watu 8,000 kuwahamishia Mirihi. Kinapokwepa asteroidi kinapoteza mwelekeo, usukani unaharibika, na kinaendelea kuteleza kuelekea kundi la nyota la Lyra, mahali ambapo hakuna abiria atakayefika akiwa hai. Ndani ya chombo kuna mashine iitwayo Mima, inayonasa picha kutoka pande zote za ulimwengu na kuwaliwaza abiria kwa kuwaonyesha mabonde na bahari. Msimuliaji wa utendi ndiye mtunzaji wake. Siku moja Mima inanasa picha za kuteketezwa kwa mji wa Dorisburg duniani, na haiwezi kuvumilia ilichokiona. Inakufa kwa huzuni. Mashine inakufa kwa huzuni, na watu waliobaki wanaunda dini za ovyo, wanasujudia kumbukumbu, wanatawaliwa na dikteta, wanasahau.

Sehemu ya kwanza ya utendi huo, nyimbo 29, ilikuwa imetokea katika diwani ya Cikada ya mwaka 1953, mwaka ambao Umoja wa Kisovieti ulijaribu bomu la haidrojeni. Kitabu kizima kilitoka mwaka mmoja kabla ya satelaiti ya kwanza kurushwa. Mwaka 1959 kiligeuzwa opera na mtunzi Karl-Birger Blomdahl, na mwaka 2018 kikawa filamu. Lakini umaarufu huo si hoja yangu. Hoja yangu ni picha moja iliyomo ndani yake: mnajimu wa chombo anawaeleza abiria, waliotapatapa kutafuta kipimo cha upweke wao, kwamba watazame kipovu kidogo cha hewa kilichonaswa ndani ya bilauri ya kioo, kipovu hicho husogea, polepole mno, kwa kuwa kioo hakikutulia kabisa, na baada ya maelfu ya miaka kitakuwa kimepiga hatua ndogo. Hivyo ndivyo Aniara inavyosafiri angani. Mshairi anayeweza kuliweka anga lote ndani ya bilauri, mezani, mbele ya mtu mwenye hofu, hahitaji kutetewa na mtu yeyote. Maneno rasmi ya tuzo, kwamba alipewa kwa uandishi unaonasa tone la umande na kuakisi ulimwengu, ni miongoni mwa machache ya aina hiyo ninayoyaona kuwa sahihi.

Kuhusu Johnson nitasema machache, si kwa dharau. Alizaliwa mwaka 1900 karibu na Boden, kaskazini kabisa, akaacha shule akiwa na miaka 13, akafanya kazi za kuelekeza magogo mtoni na za kiwanda cha matofali, akaandika riwaya nne kuhusu kijana Olof na baadaye riwaya nzito za kihistoria. Mtu huyu naye hakutoka sebuleni mwa wakubwa. Ndiyo maana kisa hiki kina kinaya kichungu: watu wawili waliozaliwa mbali kabisa na madaraka ndio waliokuja kushtakiwa kuwa wenyeji wanaogawana vya nyumbani.

Sasa tuingie katika swali la pili, ambalo ni la utaratibu. Wosia wa Alfred Nobel, uliotiwa saini mjini Paris tarehe 27 Novemba 1895, unaagiza kwamba uraia wa mtu usizingatiwe, na kwamba anayestahili zaidi apewe, awe mtu wa Skandinavia au asiwe. Wosia hausemi lolote kuhusu mwamuzi kuwa mshindani. Kanuni zilizofuata zinamzuia mtu kujipendekeza mwenyewe kwa tuzo, lakini hazimzuii kupendekezwa na jirani yake wa kiti. Kwa kipimo cha sheria, basi, Akademi haikuvunja kitu. Wala jambo lenyewe halikuwa geni: Verner von Heidenstam alitunukiwa mwaka 1916 akiwa mjumbe, na Pär Lagerkvist vilevile mwaka 1951. Hata hivyo ulikuwapo mfano mwingine katika kumbukumbu za Akademi ambao ungepaswa kuisimamisha. Erik Axel Karlfeldt, mshairi aliyekuwa katibu wa kudumu wa baraza hilo, aliikataa tuzo alipokuwa hai kwa sababu ya nafasi yake, na akaja kupewa mwaka 1931 akiwa tayari amefariki. Karlfeldt alikuwa ameliona tatizo zaidi ya miaka 40 kabla ya wenzake kulisahau.

Akademi hukutana siku ya Alhamisi, na wajumbe wake hula pamoja katika mkahawa wa Den Gyldene Freden, mji mkongwe wa Stockholm. Hata kama wawili hao wangekaa mbali na kila mjadala, wenzao waliobaki walikuwa wakipima kazi za watu waliokula nao wiki hata wiki. Lundkvist, mwenzake Martinson wa ujana, alikuwa amekalia kiti huko tangu mwaka 1968. Sidai kwamba kulikuwa na hila. Nadai kwamba katika mazingira hayo hata uamuzi safi hauwezi kuonekana safi, na taasisi inayotoa heshima haina mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa. Kesi ya ngedere akipelekewa nyani, hukumu yaweza kuwa ya haki kabisa, lakini nani ataamini?

Ukubwa wa kosa uliongezeka kwa mambo mawili. Kwanza, hawakutunukiwa mmoja bali wawili kwa pamoja, Waswidi watupu, mwaka uleule ambao Mswidi mwingine, Gunnar Myrdal, alishiriki tuzo ya uchumi. Pili, walikuwapo hai Graham Greene, Vladimir Nabokov na Jorge Luis Borges, majina yaliyojulikana na wasomaji wa mabara yote, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuipata. Nje ya Skandinavia watu wengi waliuliza Johnson na Martinson ni akina nani. Swali hilo la mwisho silihesabu kuwa ushahidi. Kutojulikana kwa mwandishi mara nyingi ni habari kuhusu biashara ya tafsiri kuliko kuhusu mwandishi. Sisi wenyewe tuliyasikia maswali hayohayo mwaka 2021 Akademi hiyo ilipomtunuku Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar ambaye riwaya yake ya Paradise ilisomeka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022 tu, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Ndani ya Uswidi mashambulizi yalikuwa ya aina nyingine. Mwandishi wa riwaya Sven Delblanc aliandika katika gazeti la Expressen kwamba kicheko cha dunia kingeifagilia mbali heshima ya Akademi. Alikuwa akilenga baraza, na kwa kiasi kikubwa alikuwa sahihi. Lakini baraza halina uso. Uso uliopigwa picha tarehe 10 Desemba 1974, mbele ya Mfalme Carl XVI Gustaf, ulikuwa wa mzee wa miaka 70 aliyetoka Jämshög, na sehemu yake ya fedha, nusu ya krona 550,000, ilitajwa kana kwamba ameichota mwenyewe katika sanduku. Katika sherehe hiyohiyo Aleksandr Solzhenitsyn, aliyefukuzwa katika nchi yake mwezi Februari, alipokea tuzo aliyopewa mwaka 1970, na mbele ya mtu aliyelipia maandishi yake kwa kambi ya wafungwa, ukaribu wa Martinson na meza ya waamuzi ulionekana vibaya zaidi.

Hapa ndipo ninapomrudia mvulana wa mnada. Martinson hakuwa mtu wa ngozi ngumu. Diwani ya Vagnen ya mwaka 1960, ambamo aliushambulia utawala wa gari juu ya maisha ya watu, ilipopokelewa vibaya na wahakiki, alijitenga na uchapishaji wa mashairi mapya hadi mwaka 1971. Miaka 11 ya ukimya kwa sababu ya mapokezi ya kitabu kimoja ni kipimo cha kutosha. Mtu aliyejifunza utotoni kwamba kupendwa ni chakula husikia hukumu ya hadhara kwa namna ambayo mhakiki, mtu wa shule na familia, hawezi kuikisia. Mwaka 1974 thamani yake ilitajwa tena mbele ya watu, na kwa mara ya pili maishani mwake aliyetaja kiasi kidogo zaidi ndiye aliyesikika zaidi. Huo ni usomaji wangu, si ripoti ya daktari. Huzuni yake ilikuwa na mizizi ya zamani kuliko tuzo, na sioni haki katika kuweka kifo chake mezani kwa mwandishi wa gazeti. Lakini naona haki katika kusema kwamba Akademi, ambayo wajumbe wake walikuwa wamekaa naye kwa miaka 25 na kujua jinsi alivyojeruhika upesi, ilimpeleka uwanjani bila ngao.

Baada ya tuzo hakuchapisha diwani nyingine. Längs ekots stigar ilitoka mwaka 1978 akiwa kaburini. Johnson alikuwa ametangulia, Agosti 1976.

Akademi haikukiri lolote kwa maneno, bali matendo yake yanasomeka. Tangu mwaka 1974 haijamtunuku mjumbe wake yeyote, wala haijaigawanya tena tuzo ya fasihi kati ya watu wawili. Mswidi aliyefuata, mshairi Tomas Tranströmer, alisubiri hadi mwaka 2011, na hakuwa na kiti humo. Tatizo la ukaribu lilirudi mwaka 2018 kwa sura nyingine, safari hii likihusu fedha ambazo Akademi ilikuwa ikiipa klabu iliyohusishwa na familia ya mjumbe, na mtafaruku ukawa mkubwa kiasi kwamba tuzo ya mwaka huo iliahirishwa hadi 2019 na watu wa nje wakaingizwa katika kamati ya Nobel. Mwaka 2004, miaka 100 tangu azaliwe Martinson, ilianzishwa tuzo ya Cikada, yenye jina la diwani yake ya 1953 na inayotolewa kwa washairi wa Asia Mashariki, ambao ushairi wao wa kale aliupenda. Waamuzi wake hawajipi wenyewe.

Na kiti nambari 15? Baada ya Martinson kilikwenda kwa mwandishi wa riwaya Kerstin Ekman, mwaka huohuo wa 1978. Mwaka 1989 Ekman aliacha kuhudhuria vikao kwa sababu Akademi ilikataa kulaani fatwa ya kumuua Salman Rushdie, na kwa kuwa kanuni za wakati huo hazikumruhusu mjumbe kujiuzulu, kiti kilikaa wazi kwa karibu miaka 30. Mwaka 2018 kilikabidhiwa kwa Jila Mossaed, mshairi aliyezaliwa Tehran na kufika Uswidi akiwa mtu mzima, miaka ya themanini, akiikimbia nchi yake.